Horni: nota huamuliwa kabla hujapuliza (uzi wa mpiga horni ya nne)

Horni_ya_Nne:

Wakuu, salaam. Humu nimesoma nyuzi za gitaa, za kinanda, za ngoma, hata za filimbi. Chombo changu hakina hata mmoja, basi nimeona niuanzishe mwenyewe. Nazungumzia ile ala ya shaba iliyojiviringisha kama konokono, ambayo mpigaji wake huingiza mkono wa kulia ndani ya mdomo mpana wa ala yenyewe. Wapo wanaoiita pembe ya Kifaransa, wapo wanaoiita baragumu. Mimi nitaiita horni tu, na asije mtu akadhani nalalamikia honi za magari.

Nimeipiga miaka ishirini na mbili, na mingi kati ya hiyo nimekaa kiti cha nne katika okestra, yaani kiti cha sauti za chini. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke.

Nianze na swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini horni ndiyo inayosikika ikikosea? Horni ya Fa (yaani ambayo bomba lake limekatwa kwa sauti ya Fa) ukiinyoosha bomba lake unapata karibu mita 3.7. Tarumbeta ya kawaida haifiki hata mita moja na nusu. Na bomba lolote ukilipuliza bila kugusa valvu, vile vibonyezo vya vidole vinavyobadilisha urefu wa bomba, linakupa ngazi ya sauti zake za asili. Vipandio vya chini vimeachana sana, lakini kadiri unavyopanda vinasogeleana. Mpiga tarumbeta hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kule chini, kwenye nafasi. Sisi bomba letu ni refu, kwa hiyo ili tuimbe palepale anapoimba yeye inabidi tupande ngazini, kwenye sauti ya nane hadi ya kumi na sita, ambako ndani ya oktava moja zimebanana sauti tisa. Hapo kidole hakikuokoi. Kibonyezo ni kilekile, pumzi ni ileile, lakini midomo ikikaza kidogo kuliko ulivyokusudia umeshatua kwa jirani.

Na ukitua kwa jirani, watu hawasikii nota nyingine. Wanasikia kitu kimedondoka.

Sasa kisa changu. Miaka ya mwanzo niliamini usahihi ni suala la midomo na uangalifu. Kila nota ngumu ikikaribia nilijikunja, nikavuta pumzi, nikaishikilia kidogo kama mtu anayelenga shabaha, ndipo nikaachia. Kuna msimu mmoja nilipiga karibu mwezi mzima bila kupasua (yaani kukosa) hata nota moja. Nilijiona nimefika. Baada ya onesho la mwisho nikamfuata anayepiga horni ya kwanza, mama mmoja mzoefu asiyependa maneno mengi, nikamwuliza ameonaje. Akafunga sanduku lake kwanza, kisha akasema: "Hukukosea hata mara moja, mwanangu. Ila hukuwepo."

Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikasikiliza rekodi. Kila nilipoingia, niliingia nimechelewa kidogo. Kila nota ilianza kama mtu anayechungulia mlangoni. Sikukosea kwa sababu sikuthubutu kusema kitu.

Tangu hapo nimekuwa nikibomoa na kujenga upya. Nilichogundua ni kwamba sekunde unayopuliza siyo inayoamua nota. Inaamuliwa kabla, kichwani, unapoisikia au kutoisikia. Ukiisikia kwa hakika, midomo huenda yenyewe bila kuagizwa. Usipoisikia, unaiuliza midomo swali, nayo inakujibu kwa kubahatisha. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988, aliwafundisha wapuliza shaba wa kila aina jambo hilihili: shughulika na wimbo na pumzi, misuli iache ifanye kazi yake.

Asiyeamini na amtazame Dennis Brain wa Uingereza. Mwaka 1956, katika tamasha la vichekesho London, alipiga muziki wa Leopold Mozart, baba yake Mozart tunayemjua, kwa bomba la mpira la kumwagilia bustani alilolichomekea kipande cha mdomoni cha horni. Ulikuwa utani, watu walicheka. Lakini mpira wa bustani hauna valvu wala mhandisi aliyeutengenezea sauti. Nota zote alikuja nazo kichwani.

Nitaendelea kesho na zoezi lenyewe. Karibuni kwa maswali.

Tarumbeta_Zamani:

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, nilipiga tarumbeta miaka minane, sasa ni mwezi wa nne nahangaika na horni. Sol ya juu ya mstari naipata mara tatu, ya nne inakuja La. Vidole ni vilevile kabisa. Nilidhani horni yangu mbovu.

Horni_ya_Nne:

Mkuu, horni yako ni nzima. Umehama nyumba ya ngazi pana ukaingia ya vipandio vya vidole viwili. Usiongeze nguvu, jibu la tarumbeta halifai huku.

Angalia na mkono wa kulia. Wengi wanaotoka kwenye tarumbeta huuweka kama pambo tu. Mkono ndani ya mdomo wa horni unashusha au kupandisha sauti kidogo, na unazifanya nota za juu zikae imara mahali pake. Jaribu kupiga nota ya juu mkono ukiwa nje, kisha uuingize. Utaona ya kwanza inateleza kama sabuni. Zamani mkono ndio uliokuwa valvu. Katikati ya karne ya 18 huko Dresden, Anton Joseph Hampel aliipanga vizuri mbinu ya kuziba na kufungua kwa mkono ili apate nota ambazo bomba lenyewe halitoi. Valvu zilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19. Konseto nne za horni za Mozart, yaani vipande ambavyo horni moja hutangulia na okestra huisindikiza, zimeandikwa kwa horni isiyo na valvu hata moja. Nyingi aliziandika kwa ajili ya rafiki yake mpiga horni, Joseph Leutgeb, na katika hati ya moja wapo aliandika kwa wino wa rangi tofauti tofauti. Nikizipiga kwa valvu tatu na bado nikapasua, huwa namwomba radhi marehemu Leutgeb kimoyomoyo.

Pumzi_Ndefu:

Si unanunua tu horni ya pande mbili, matatizo yameisha? Ndiyo maana watu waliitengeneza.

Horni_ya_Nne:

Ninayo, mkuu. Kwa wasiojua: horni ya pande mbili ina mabomba mawili katika chombo kimoja, upande wa Fa na upande wa Si bemoli, na kidole gumba cha kushoto ndicho kinachobadilisha. Upande wa Si bemoli ni mfupi, karibu mita 2.8, kwa hiyo vipandio vya juu vinaachana kidogo. Inasaidia kweli. Lakini imenipunguzia makosa, haijaniondolea. Tena inakuongezea njia ya kukosea: unaisikia nota vizuri, gumba limesahau upande.

Haya, zoezi. Mimi naliita *ishirini baridi*.

Kata vikaratasi, kila kimoja andika nota moja ya eneo unalopiga, juu na chini. Vichanganye. Asubuhi, ukishapasha midomo dakika chache tu, chomoa kimoja. Iimbe hiyo nota, kwa sauti au moyoni. Vuta pumzi, piga mara moja, ondoa horni mdomoni kabisa. Andika matokeo. Chomoa kingine. Ikifika ishirini, hesabu.

Sharti ni kwamba hurudii. Ukikosa, umekosa, andika uendelee. Mtu akikosa nota huipiga tena papo hapo, ikikubali anaridhika, na moyoni anaandika kwamba ameipata. Hajaipata. Ameipata mara ya pili, na jukwaani mara ya pili haipo. Nilipoanza kuhesabu jaribio la kwanza peke yake nilipata kumi na moja kati ya ishirini. Mimi, mpiga horni wa miaka yote hiyo! Nusu na ushee! Nilifunga daftari nikaenda kutembea.

Andika pia ulikoangukia, juu au chini ya nota. Kwangu mimi, nikiangukia juu ujue nimebana, nimekandamiza kipande mdomoni kwa hofu. Nikiangukia chini, pumzi ilikuwa ya kinafiki au sikuisikia nota. Kwako huenda ni kinyume, ndiyo maana ya daftari.

Halafu pumzi. Usiishike. Ile sekunde ya kushikilia pumzi kabla ya kupiga ndiyo inayotuua wengi: koo linajifunga, ulimi unaganda, na nota ikitoka inatoka kwa kishindo au haitoki. Pumzi iingie na kugeuka kama bembea, bila kusimama juu. Vuta kwa mwendo wa muziki, pigo moja au mawili kabla, na mahali inapogeuka ndipo nota ianze.

Msikilizaji_Kimya:

Napinga kidogo mleta uzi. Mwalimu wangu alinifundisha kurudia hadi mdomo ukariri. Mara hamsini, mara mia. Hii ya kukosa na kuacha inanipa wasiwasi kwamba unajizoesha kukosa.

Horni_ya_Nne:

Hoja nzito, siibezi. Kurudia kuna mahali pake, nami hurudia sana *baada* ya zile ishirini. Zile nilizokosa nazirudia taratibu, nazizungushia nota za jirani, naziunganisha bila ulimi. Ninachokataa ni kuchanganya vitu viwili, kujenga na kupima. Mwalimu wako alikufundisha kujenga. Swali langu kwako ni moja: ya kwanza kati ya zile mia ilikuwaje?

Msikilizaji_Kimya:

Hapo umenishika. Sikuwahi kuiangalia.

Bi_Shaba:

Kaka, asante kwa uzi. Mimi bado mwanagenzi, mwaka wa pili. Shida yangu ni midomo. Baada ya nusu saa imevimba, na alama ya duara haitoki hadi usiku. Nikilegeza, nota za juu hazitoki kabisa. Nifanyeje?

Horni_ya_Nne:

Dada, pole, na kwanza punguza. Pumzika kwa muda uleule uliopiga: dakika tano kupiga, tano kimya. Mdomo ni msuli mdogo sana, na duara la ndani la kipande kile ni kama milimita 17 tu. Hauwezi kubeba kinachobebwa na pumzi.

Philip Farkas, aliyewahi kuwa horni ya kwanza ya Chicago, alieleza kwamba theluthi mbili za kipande zikae kwenye mdomo wa juu, theluthi moja kwenye wa chini. Kwa wengi wetu ni kweli. Jitazame kwenye kioo, lakini usijilazimishe hadi meno yako yakatae, maana sura za watu si moja. Jaribio la haraka: shika horni kwa namna ambayo mkono wa kushoto hauwezi kuivuta kuja usoni, kwa mfano ilaze mezani huku umeinama, kisha piga nota ya katikati na upande kidogo. Panapoishia sauti ndipo nguvu zako za kweli zinapoishia. Hapo juu ulikuwa unakopa kwa mkono.

Maumivu yakiendelea, au ukiona midomo inatetemeka na kukataa amri hata ukiwa umepumzika, usiendelee kupiga kwa ubishi. Mwone daktari anayewajua wapiga muziki. Kuna ugonjwa ambao ubongo unapoteza mawasiliano na misuli midogo iliyofanya kazi ileile miaka mingi, na umewasimamisha wapigaji wazuri mno. Mapema ni bora.

Pumzi_Ndefu:

Tuambie maisha sasa. Kukaa kwenye okestra kukoje? Kwa nini wanne? Si kelele za wanne ni nyingi?

Horni_ya_Nne:

Wanne kwa sababu ya desturi ya zamani ya kwenda wawiliwawili. Wa kwanza na wa tatu hupiga juu, wa pili na wa nne chini. Kwa hiyo mtu wa nne si mbovu kuliko wa tatu, ana kazi nyingine. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, maana ndugu zangu wenyewe huniuliza lini nitapandishwa hadi wa kwanza. Beethoven angewajibu: katika simfoni yake ya tisa, mwaka 1824, ile solo ya horni kwenye sehemu ya taratibu alimpa horni ya nne. Nimeipiga mara tano maishani. Mara tatu safi, mara moja nzuri, na mara moja sitaki kuizungumzia.

Kazi yetu kubwa ni kuhesabu kimya. Unaweza kukaa baa 74 bila kupuliza (baa za muziki, jamani, si zile nyingine), chombo kinapoa, midomo inapoa, kisha unatakiwa uingie kwa sauti ndogo kabisa, peke yako, juu. Chombo kikipoa sauti inashuka, kwa hiyo tunakipulizia hewa ya joto kimyakimya kabla ya kuingia. Na maji! Watu hudhani ni mate. Mengi ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ndani ya bomba. Horni ina mikunjo mingi, hivyo utatuona tunaizungusha kama usukani, tunachomoa vibomba kimoja kimoja. Tone moja likibaki mahali pabaya, nota yako ya upole inakoroma.

Kuhesabu kwenyewe kuna kisa. Kwenye mazoezi ya kwanza ya simfoni ya tatu ya Beethoven, horni inaingia kabla ya okestra kurejea kwenye wimbo mkuu, nayo inasikika kabisa kama imekosea. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alikuwa amesimama karibu naye. Alisimulia mwenyewe kwamba alimlaani mpiga horni kwa kushindwa kuhesabu, na nusura Beethoven amzabe kofi, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Huyo mpiga horni ambaye hata jina lake halikutajwa ndiye shujaa wangu. Alihesabu vizuri, akaingia kwa ujasiri, akalaumiwa akiwa sahihi. Fikiri kama angechungulia mlangoni kama mimi.

Mengine ni ya kawaida. Tunasoma nota zilizoandikwa kwa horni za Mi, Re, La, Do, na kuzihamisha kichwani palepale, kwa sababu watunzi wa zamani waliandikia mabomba ya urefu tofauti. Sauti yetu inatoka nyuma, inagonga ukuta ndipo ifike kwa wasikilizaji, kwa hiyo tusipotangulia kidogo tunasikika tumechelewa. Na ukuta wenyewe kila ukumbi ni wake. Mgongoni mara nyingi ni ngoma au tromboni, na masikio tunayalinda kwa vizibo. Mshahara? Wenye ajira ya kudumu ni wachache. Nafasi moja ikitangazwa wanakuja kadhaa, na usaili ni dakika chache nyuma ya pazia. Karibu kila mara utaombwa solo ya simfoni ya tano ya Tchaikovsky, na ile ya Till Eulenspiegel ya Richard Strauss, ambaye baba yake Franz alikuwa mpiga horni Munich. Mtoto alijua hasa panapouma.

Tarumbeta_Zamani:

Na hofu ya jukwaani je? Nasikia wengine wanakunywa vidonge.

Horni_ya_Nne:

Wapo, na si wachache. Ni dawa za moyo zinazopunguza kutetemeka. Hilo ni kati ya mtu na daktari wake, mimi simhukumu mwenzangu. Ila usipewe kidonge na jirani wa safu, hasa kama una pumu.

Mimi hofu haijaniisha. Kilichobadilika ni mahali ninapoiweka. Zamani niliwaza: nisipasue. Sasa nawaza nota yenyewe, sauti yake, rangi yake, kama ninayemwona mtu anakuja barabarani nami namjua. Kichwa hakina nafasi ya yote mawili. Siku nyingine hofu inashinda, napasua, na nota inayofuata tayari imefika. Kosa likishatoka usiligeukie. Mwenye kuligeukia hupasua la pili, na la pili ndilo watu wanalolikumbuka.

Yule mama wa horni ya kwanza amestaafu. Mwaka jana alikuja kusikiliza. Baadaye nikamwuliza tena ameonaje. Akaniambia nilipasua mbili sehemu ya kwanza na moja ya mwisho, akazitaja ni baa zipi, kisha akaniuliza kama kipande changu cha mdomoni ni kipya. Nilifurahi wiki nzima.

Bi_Shaba:

Kaka, narudi na ripoti. Nimefanya ishirini baridi siku tisa. Ya kwanza nilipata sita, nikalia kidogo. Leo kumi na mbili. Midomo haivimbi tena, maana napiga kidogo na kupumzika. Ila Mi ya juu sijaipata hata mara moja, siku zote tisa. Daftari linasema naangukia chini kila mara.

Horni_ya_Nne:

Sita hadi kumi na mbili kwa siku tisa! Hongera sana dada. Kuhusu hiyo Mi: kabla ya kuipiga, unaiimba?

Bi_Shaba:

Nyingine zote naziimba. Hiyo naiogopa, sauti yangu haifiki.

Horni_ya_Nne:

Basi iimbe oktava moja chini, halafu isikie juu. Na uniambie unaipigia upande gani, Fa au Si bemoli.

Bi_Shaba:

Ngoja niangalie gumba.